Uzi: Sanamu ya Black Panther ya sentimita 30 inauzwa shilingi 650,000 Kampala, lakini vazi linameguka. Je, ni halisi, na inastahili bei hiyo?

#1 Kabati_la_Ntinda
Habari zenu, wanajukwaa. Naomba macho na uzoefu wenu kabla sijatoa pesa.

Kuna muuzaji wa bidhaa za ng'ambo zilizotumika hapa Kampala ambaye ana sanamu ya Black Panther ya kipimo cha moja kwa sita, na boksi lake lina jina la Hot Toys ya Hong Kong. Anataka shilingi 650,000 na hapunguzi. Nimeishika na kuigeuzageuza. Uso wa T'Challa, ndiye Black Panther mwenyewe, umefanana mno na wa marehemu Chadwick Boseman aliyemwigiza, ndevu zimechorwa kwa ustadi hadi unaona unywele mmoja mmoja, stendi ipo, na viganja vya kubadilisha vimo kwenye trei isipokuwa jozi moja. Kinachonitia shaka ni vazi. Kwapani na nyuma ya magoti limeanza kumeguka. Ukipitisha kidole, unabaki na chembe nyeusi kwenye ngozi, na palipobanduka panaonekana kitambaa cha kijivu chenye nyuzi laini.

Muuzaji anasema hiyo ni hali ya umri. Rafiki yangu anashikilia kwamba kazi halisi ya kampuni ile haimeguki ndani ya miaka michache, kwa hiyo hii ni bandia. Nauliza mambo mawili: kumeguka huku ni ushahidi wa nini, na ikiwa sanamu ni halisi, thamani yake ni ipi katika hali hiyo?

#2 Boksi_Halijafunguliwa
Rafiki yako ana haki. Hot Toys inafanya kazi hii tangu mwaka 2000, na sanamu zake za kipimo hicho huuzwa zikiwa mpya kwa zaidi ya dola 200. Mtu halipi pesa hizo kwa nguo inayobanduka. Isitoshe, boksi limefunguliwa na jozi ya viganja haipo. Mimi hununua kilichofungwa tu, na nakushauri ufanye vivyo hivyo.

#3 Mwalimu_wa_Kemia_Mbale
Ndugu Kabati, asante kwa kueleza kwa makini, hasa hilo la kitambaa cha kijivu chini ya tabaka jeusi, kwa sababu ndilo linaloniwezesha kusema jambo.

Unachokieleza ni sifa ya ngozi bandia iliyotengenezwa kwa kupaka poliyurethani juu ya kitambaa. Ziko aina za poliyurethani ambazo minyororo yake imeshikanishwa na vifungo vya esta, na vifungo hivyo huvunjwa na maji. Si lazima umwagie maji. Mvuke ulio hewani unatosha. Kibaya zaidi, kuvunjika huko huzalisha asidi, na asidi hiyo huharakisha kuvunjika kunakofuata, ndiyo maana vazi hukaa salama kwa miaka kadhaa na kisha huharibika kwa muda mfupi sana. Joto huongeza kasi hiyo. Fikirieni sanamu iliyokaa karibu na Ziwa Viktoria, ndani ya chumba chenye bati lisilo na dari, ikapitia mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba, mwaka baada ya mwaka.

Kwa hiyo nampinga ndugu wa chapisho la 2. Kumeguka hakuthibitishi ubandia. Wakusanyaji wa Marekani, Ulaya na Asia wamelalamikia makoti na suti za ngozi bandia kwenye sanamu halisi za bei kubwa, na hata boksi lililofungwa halisaidii, kwa kuwa mvuke haukusubiri mtu afungue gundi.

#4 Dada_Entebbe
Namuunga mkono Mwalimu kwa kisa changu. Nilinunua sanamu mpya ya shujaa mwingine mwenye koti refu la ngozi bandia, nikaihifadhi kabatini bila kuifungua kwa nia ya kuiuza baadaye. Nyumba yetu iko karibu na ziwa, na nguo zetu za kawaida zenyewe huota ukungu tusipozianika. Nilipomfungulia mnunuzi boksi, kola ya koti ilikuwa imebanduka yote na vipande vimeganda kwenye plastiki ya trei. Risiti ninayo, na dukani nilinunua kwa wakala anayetambuliwa. Huwezi kuniambia ile ilikuwa bandia.

#5 Boksi_Halijafunguliwa
Pole kwa hasara, dada. Lakini kisa kimoja cha Entebbe hakiondoi ukweli kwamba bandia nazo humeguka, tena mapema zaidi. Mwalimu ameeleza namna nguo inavyoharibika; hajaeleza nani aliyeishona.

#6 Chui_wa_Moroto
Mimi naishi Karamoja, ambako miezi mingi hewa ni kavu hadi midomo inapasuka, na bado suti ya sanamu yangu ilipasuka magotini. Kwingine kote ni nzima. Niliiweka kwa muda mrefu ikiwa imechuchumaa, katika lile pozi la kurukia adui linalopendwa na wengi. Maoni yangu ni kwamba kinachoua mavazi haya ni kukunjwa. Kabati ametaja kwapa na nyuma ya magoti, na hizo ni sehemu zinazokunjwa hasa. Kama ni unyevu peke yake, kwa nini kifua na mapaja havijaguswa?

#7 Mwalimu_wa_Kemia_Mbale
Swali la Chui ni zuri. Jibu langu ni kwamba mkunjo hufungua nyufa ndogo, na mvuke hupenya kupitia nyufa hizo, hivyo visababishi hivyo viwili hufanya kazi pamoja. Hata hivyo nakiri kwamba kisa cha Moroto hakielezeki vizuri kwa unyevu, na kwamba ukavu uliopita kiasi pamoja na joto inaweza kukausha tabaka likawa gumu na kuvunjika. Unyevu wa wastani na joto la wastani ndivyo vinavyofaa.

#8 Fundi_Rangi_Masaka
Wakuu, mnajadili nguo kana kwamba nguo ndiyo sanamu. Mimi hupaka rangi upya na kutengeneza viungo, na kazi nyingi zinazonifikia hazijakamilika katika uhalisi wala katika ubandia. Kichwa ni cha kiwandani, mwili ni wa kuazima, vazi limeshonwa na mtu mwingine kabisa, na boksi limetoka kwa mmiliki wa tatu. Sehemu za sanamu hizi huuzwa moja moja mitandaoni, kichwa peke yake, viganja peke yake, suti peke yake. Mtu akivunjikiwa na mwili, ananunua mwili wa bei nafuu na kuweka kichwa kizuri juu yake. Kwa hiyo swali la "halisi au bandia" huenda lina majibu matatu kwa sanamu moja.

Kabati, ukirudi kwa muuzaji, tazama mambo haya. Kwanza, shingo. Kichwa halisi hukaa kwenye kipini chake bila kuyumba, na rangi ya ngozi ya shingo hulingana na ya uso. Kilichochomekwa kwenye mwili wa kigeni huacha pengo au hukaa juu mno, na tofauti ya rangi huonekana ukikitazama nje kwenye mwanga wa jua, si chini ya taa ya duka. Pili, macho. Tumia kioo cha kukuzia. Kwenye kazi nzuri, mboni ina duara safi, weupe wa jicho si mweupe wa chaki, na kuna mng'ao wa unyevu juu yake ambao haukutapakaa kwenye kope. Bandia nyingi hukosea hapo, kwa sababu uso unaweza kunakiliwa kwa kalibu lakini mkono wa mpaka rangi haunakiliki. Tatu, vipini vya vifundo vya mikono. Toa kiganja polepole, baada ya kukipasha moto kidogo kwa kikaushia nywele, na uangalie kama kipini kimenyooka na kama kiganja kingine kinaingia kwa ukinzani uleule. Kwenye bandia, kimoja huingia kwa nguvu na kingine hudondoka. Kwa kawaida sanamu halisi huja na vipini vya akiba. Uliza viko wapi.

Uzito na harufu husaidia, lakini visikutoshe. Plastiki mbaya hutoa harufu kali ya kiyeyushi hata baada ya miaka.

#9 Boksi_Halijafunguliwa
Haya nayakubali. Naongeza jambo rahisi kuliko yote: asome alama ya hakimiliki chini ya boksi na kwenye mwili. Filamu ya Black Panther ilitoka 2018. Ikiwa alama inaonyesha mwaka huo, sanamu ilitengenezwa mwaka huo; ikiwa inaonyesha mwaka mwingine, aondoke.

#10 Fundi_Rangi_Masaka
Hapana, ndugu yangu. Mwaka wa hakimiliki ni wa umiliki wa mhusika au wa usanifu, wala si wa siku ya kutoka kiwandani. Mwili uliosanifiwa mapema hutumiwa tena kwa mashujaa kadhaa na hubaki na mwaka wake wa zamani. Kwa Marvel Legends, zile sanamu ndogo za sentimita 15 za kampuni ya Hasbro, ni kawaida kabisa kukuta mgongoni mwaka ulio nyuma kuliko wa kuuzwa. Tena T'Challa huyu alionekana kwanza kwenye filamu ya Captain America ya 2016, na kwenye vitabu vya katuni tangu 1966, kwa hiyo miaka kadhaa inaweza kuandikwa kihalali. Cha kutazama kwenye alama ni ukali wa herufi: za kiwandani zina kingo safi hata zikiwa ndogo sana, na zilizonakiliwa hufifia na kujaa plastiki.

#11 Boksi_Halijafunguliwa
Nimekuelewa, asante kwa marekebisho.

#12 Wakala_wa_Malaba
Wenzangu wamemaliza mwili, mimi nitaongelea bei, kwa kuwa kazi yangu ni kutoa mizigo forodhani na hesabu hii huwachanganya wengi.

Tuchukue kwamba sanamu mpya imenunuliwa kwa dola 240 na usafiri pamoja na bima ni dola 60. Thamani ya forodha ni dola 300, si 240. Bidhaa nyingi zilizokamilika zinazotoka nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hutozwa ushuru wa 25%, kwa hiyo tunaongeza 75 na kufika 375. Kodi ya ongezeko la thamani ya Uganda ni 18%, nayo hupigwa juu ya jumla iliyokwisha kuongezwa ushuru, yaani dola 67.5, na sasa tuko kwenye 442.5 kabla ya tozo nyingine ndogo na ada ya wakala. Kwa kadirio la shilingi 3,700 kwa dola, hiyo inazidi shilingi 1,600,000.

Kwa mtazamo huo, shilingi 650,000 kwa iliyotumika haitishi. Lakini geuzeni upande wa pili: kama ni bandia iliyoingia ndani ya robota la mitumba kwa gharama ndogo, faida ya muuzaji ni kubwa mno, na ndiyo sababu hapunguzi. Bei hiyohiyo inaweza kuelezwa kwa njia zote mbili, hivyo msiitumie kama ushahidi.

#13 Kabati_la_Ntinda
Asanteni sana. Wakala, je, Mamlaka ya Mapato inatofautisha sanamu za wakusanyaji na midoli ya watoto?

#14 Wakala_wa_Malaba
Kwa uainishaji wa kimataifa wa sasa, midoli na vitu vingine vya kuchezea viko chini ya fungu moja, 9503, tangu marekebisho ya 2007. Kabla ya hapo vilitenganishwa, na huko Marekani kampuni ya Toy Biz ilifika mahakamani kwa sababu ya jambo hilo. Midoli yenye sura ya binadamu ilitozwa 12% na vitu vingine vya kuchezea 6.8%. Mwaka 2003 Mahakama ya Biashara ya Kimataifa iliamua kwamba sanamu za mashujaa wa Marvel zilizobishaniwa, wakiwemo wa X-Men, haziwakilishi binadamu, na kampuni ikapata kiwango cha chini. Kwako wewe, Kabati, kinachohusu ni kwamba muuzaji awe na karatasi za kuingizia mzigo. Akiwa nazo, maelezo ya bidhaa na nchi ilikotoka yatakueleza mengi kuliko maneno yake.

#15 Mama_Watoto_Jinja
Samahani kwa kuingia na jambo dogo. Mimi si mkusanyaji wa hizo kubwa. Mwanangu wa kiume anazipenda za sentimita 15, na nyingi tunazopata ni zilizofunguliwa. Je, nazo hupimwa hivyohivyo? Na hizo bandia, zina madhara kwa mtoto?

#16 Chui_wa_Moroto
Karibu, mama. Hakuna jambo dogo hapa. Kwa madhara: bandia za bei ya chini hazijapimwa na mtu yeyote, na rangi za namna hiyo zinaweza kuwa na madini ya risasi. Kama mtoto bado ana tabia ya kutia vitu mdomoni, usimpe yenye harufu kali au yenye rangi inayobaki kidoleni.

Kuhusu upimaji, Marvel Legends ilianzishwa na Toy Biz mwaka 2002 na Hasbro ikaichukua 2007. Sifa yake kubwa ni kwamba sanamu nyingi huja na kiungo kimoja cha shujaa wa ziada, mguu au mkono au kiwiliwili, na ukinunua seti nzima unamjenga shujaa huyo. Seti ya kwanza ya Black Panther ya 2018 ilimjenga Okoye. Kwa hiyo iliyofunguliwa bila kile kiungo chake haina thamani ya iliyo nacho, hata kama yenyewe haina mkwaruzo. Tazama pia vifundo vya miguu: vikilegea, haisimami, na mtoto ataichoka haraka.

#17 Dada_Entebbe
Mama, jihadhari pia na maboksi yasiyo na dirisha. Hasbro ilipunguza plastiki kwenye vifungashio vyake, na kwenye mwaka 2022 Marvel Legends zikaanza kutoka ndani ya maboksi yaliyofunikwa pande zote, kabla ya kampuni kutangaza 2023 kwamba itarejesha madirisha. Kwenye boksi la aina hiyo huoni uso, na watu wasio waaminifu huko ng'ambo walitoa sanamu mpya, wakaweka kuukuu, wakarudisha dukani. Ndugu yetu wa chapisho la 2 anapenda kilichofungwa. Hapo kufungwa kunamficha nani?

#18 Boksi_Halijafunguliwa
Dada, umenipiga mahali penye maumivu. Lakini gundi iliyobandikwa mara ya pili hujulikana: huacha nyuzi za karatasi zilizonyanyuka. Msimamo wangu ninao bado.

#19 Mzee_wa_Tororo
Wanangu, salaam. Nimefuatilia kwa makini, na ningependa kuongeza la zamani kidogo, maana naona mnapima kila kitu kwa macho ya vitu vipya.

Jamaa yangu aliyeishi Uingereza alirudi na Batman wa Mego, wa sentimita 20 hivi, aliyevaa nguo za kitambaa. Kampuni hiyo ya Marekani ilianza kutengeneza mashujaa wa ukubwa huo mwaka 1972, nayo ilikuwa na leseni za Marvel na DC, kampuni mbili hasimu za katuni, kwa pamoja, jambo ambalo leo si rahisi kuliona. Ndani ya miili hiyo viungo vilishikwa na mipira inayovutika, na mipira hiyo huchoka. Sanamu nyingi za wakati ule leo zina viungo vinavyoning'inia. Hata hivyo watu wanazitafuta. Kwa Batman, wa mwanzo walikuwa na barakoa inayovuliwa, na wa baadaye barakoa yao ilikuwa sehemu ya kichwa. Yule wa kuvuliwa, hata akiwa na mpira uliokatika, bei yake humzidi wa baadaye aliye mzima. Kwa hiyo uzima si kipimo pekee. Kuna toleo, kuna wingi wa waliobaki, na kuna kama ubovu unatengenezeka bila kugusa kile kinachotafutwa. Mpira wa Mego hubadilishwa na hakuna anayelalamika. Je, suti ya Kabati inabadilishika?

#20 Fundi_Rangi_Masaka
Shikamoo mzee. Inabadilishika, na ndipo ugomvi ulipo. Suti mbadala zinauzwa, nyingine nzuri kuliko ya kiwandani. Lakini mkusanyaji mkali atakuambia kwamba ukibadilisha suti ya Black Panther umebadilisha sanamu yenyewe, kwa kuwa ukitoa uso, suti ndiyo mhusika. Kwa Superman wa kampuni ya Kenner wa 1984 mambo ni hayohayo: joho lake la kitambaa likipotea, thamani huanguka, na la kushonwa upya haliirudishi.

#21 Chui_wa_Moroto
Naomba niulize kitu ambacho hakijajibiwa. Kwa nini Black Panther hasa ndiye anayeshikilia bei hapa kwetu? Wauzaji wa Kampala hupunguza kwa Iron Man na Spider-Man bila shida. Kwa T'Challa, hawasogei.

#22 Mama_Watoto_Jinja
Kwa watoto wangu jibu ni jepesi: ni shujaa anayefanana nao.

#23 Dada_Entebbe
Tena kuna la nyumbani. Picha za angani za filamu ile zilipigwa pia Uganda, misitu ya Bwindi na milima ya Rwenzori ikiwemo. Florence Kasumba, aliyeigiza Ayo humo, alizaliwa Kampala, na Daniel Kaluuya, naye mwigizaji wa filamu hiyo, ni mtoto wa wazazi wa Uganda aliyezaliwa London. Muuzaji anajua kwamba mnunuzi wa hapa anaitazama sanamu ile kama jamaa.

#24 Wakala_wa_Malaba
Mimi naona ni kifo cha Boseman, Agosti 2020. Baada yake watu waliokuwa nazo hawakutaka kuziuza, na wauzaji wakashika bei ya kipindi kile wakasahau kuishusha.

#25 Boksi_Halijafunguliwa
Sikubaliani na sababu zote tatu. Bei hushuka kampuni inapotoa toleo jipya la mhusika yuleyule lenye uso bora zaidi, na hilo hutokea kwa mashujaa wote. Wauzaji wetu hawafuatilii matoleo, ndiyo maana hawasogei. Muuzaji wa Kabati angejua kuna matoleo mangapi, angepunguza.

#26 Mzee_wa_Tororo
Au anajua kwamba Kabati ataileta pesa. Mnunuzi aliyeenda kuigeuzageuza sanamu kwa muda wote huo, muuzaji amekwisha kumsoma.

#27 Kabati_la_Ntinda
Mzee, nimekusikia! Nimerudi dukani leo na maelezo ya Fundi mkononi, na haya ndiyo niliyoyaona.

Shingo haina pengo, na nje juani rangi yake inalingana na uso. Macho ni safi, mng'ao haukutapakaa. Herufi za hakimiliki kwenye boksi ni kali, lakini za mgongoni sijaziona kwa sababu muuzaji hataki vazi livuliwe akihofia kulimegua zaidi. Kiganja cha kulia kimeingia kwa ukinzani, cha kushoto kimeingia kwa urahisi mno. Vipini vya akiba havipo. Harufu ya plastiki sikuisikia, ila kuna harufu nyingine, na nilipouliza, msichana anayemsaidia dukani alisema huwa wanafuta vumbi kwa spiriti.

#28 Mwalimu_wa_Kemia_Mbale
Spiriti! Hilo linabadilisha hesabu. Inaweza kuvuta vilainishi kutoka kwenye plastiki laini na kulikausha tabaka la juu la vazi, na ikirudiwarudiwa kwenye mikunjo, ambako hujikusanya na kukawia kukauka, huleta hasa picha uliyotueleza. Sasa tuna unyevu, mkunjo na spiriti, na siwezi kutoka Mbale nikakuambia ni kipi kilichotangulia.

#29 Fundi_Rangi_Masaka
Mwalimu, nakuheshimu, ila sina hakika. Spiriti ya kufutia ingegusa rangi ya uso kabla ya kwapa, kwani uso ndio unaofutwa zaidi dukani. Macho yakiwa safi namna hiyo, ama uso haukufutwa, ama kichwa kilifika baadaye kuliko mwili. Kiganja cha kushoto kinachoingia kwa urahisi kinanirudisha kwenye shaka yangu ya kwanza: kichwa cha kiwandani, mwili au angalau mkono wa kushoto wa mahali pengine.

#30 Chui_wa_Moroto
Au kiganja kimechomekwa na kutolewa na kila mteja aliyepita, kikalegea. Kwenye duka la mitumba sanamu hushikwa na wengi.

#31 Dada_Entebbe
Je, kuipeleka kwa wapimaji wa hali ya sanamu kama AFA (Action Figure Authority) wa Marekani kungesaidia? Wanatoa alama hadi 100 na kuifungia ndani ya kasha la akriliki.

#32 Wakala_wa_Malaba
Kwa sanamu hii, hapana. Usafiri wa kwenda na kurudi pamoja na ada ungekaribia bei yenyewe, na ikirudi utajieleza tena forodhani. Upimaji wao una maana zaidi kwa zile zinazouzwa zikiwa zimebandikwa kwenye kadi, ambako kadi, kiputo cha plastiki na sanamu hupewa alama mbalimbali. Suti inayomeguka ikifungiwa akriliki itaendelea kumeguka humo.

#33 Kabati_la_Ntinda
Basi nisaidieni kiasi. Nikichukulia kwamba kichwa ni halisi na mengine hayajulikani, nitoe ngapi?

#34 Fundi_Rangi_Masaka
Hesabu sehemu zenye soko: kichwa, stendi, boksi, viganja vilivyopo. Vazi liweke sifuri. Mwili usiutaje. Mimi nisingevuka 400,000, na ningeanza 300,000.

#35 Mzee_wa_Tororo
Mimi ningefika 450,000 kwa ajili ya uso peke yake, kama ni kweli ndevu zinaonekana unywele mmoja mmoja. Uso wa namna hiyo hautengenezwi kila mahali.

#36 Boksi_Halijafunguliwa
Nami ningeondoka. Bado nasema suti ile haikushonwa Hong Kong wala kwa amri ya Hong Kong, na hakuna aliyethibitisha vinginevyo.

#37 Mwalimu_wa_Kemia_Mbale
Wala hakuna aliyethibitisha hilo lako, ndugu. Kabati, ukiinunua, usifunge vazi ndani ya mfuko wa plastiki. Iweke wima bila kuikunja, mbali na dirisha, mahali pakavu lakini penye hewa, pamoja na vifuko vya silika jeli utakavyokuwa unavibadilisha, na kama ina betri popote, zitoe.

#38 Kabati_la_Ntinda
Nitarudi Jumamosi na shilingi 400,000 taslimu, na nitamwomba afungue vazi mgongoni tu, mbele yangu, nikiwa nimeshika kitambaa safi chini yake ili chembe zisipotee.

#39 Fundi_Rangi_Masaka
Akikubali, nipigie picha mbili: herufi za mgongoni, na mshono wa ndani wa vazi pale penye kola. Mshono wa mashine ya kiwandani una hatua fupi zinazolingana na uzi umechomwa mwishoni. Picha hiyo ya pili nitaiamini kuliko boksi lote.